Mistari Mitatu Chini ya Kanga

Naandika haya kwa kalamu kwa sababu taipureta iko mezani imefunguliwa mgongo, na herufi tisa bado hazijarudi mahali pake. Mwandiko wangu wa mkono siupendi. Unalala upande mmoja kama migomba iliyopigwa na upepo.

Mashine ni ya babu. Alikuwa karani wa parokia hapa Kaisho, akiandika vyeti vya ubatizo na barua za watu wasiojua kuandika, na mashine aliachiwa na mapadri waliotoka ng'ambo ya mto, Rwanda. Ndiyo maana vitufe vyake havikupangwa kama vya kompyuta za shule. Kompyuta zote nilizowahi kuziona zina Q kwenye kona ya juu kushoto. Ya babu ina A. Q imeshushwa mstari wa pili, na M imekaa mwisho kabisa wa mstari huo, jirani na L. Nilijifunza kuandika kwa hiyo kabla sijagusa kompyuta. Siku ya kwanza ya somo la kompyuta, kidato cha kwanza, niliitwa mbele nikaandika jina langu bila kutazama vitufe, likatoka limechafuka. Walicheka mpaka mwalimu naye akacheka. Tangu hapo naitwa Sekretari.

"Sekretari, tuandikie barua ya kuomba ruhusa."

"Muache, bubu huyo. Ukimsemesha anabonyeza."

Mimi si bubu. Maneno yanakuja, ila yanachelewa, na yakifika nakuta watu wameshahama, wanaongea mengine. Kwenye karatasi hakuna anayehama. Babu alilijua hilo. Alipokuwa hai tulikaa wote dirishani, yeye anaandika, mimi namshikia karatasi, na tungeweza kumaliza mchana mzima bila mtu kusema kitu zaidi ya "lete nyingine". Alifariki nikiwa darasa la saba. Tumebaki mimi na mama na kibanja chetu cha migomba na kahawa. Mama ni mtu wa watu. Akienda kuchota maji atarudi anajua mgonjwa wa kila nyumba. Sijui mimi nilirithi wapi.

Kundi la wapenda taipureta nililikuta kwenye simu ya mama. Lilianzishwa na mwenye steshenari mmoja wa Kayanga, mtu wa Muleba, ambaye duka lake limejaa taipureta kuukuu asizotaka kuziuza. Mama alikuwa ananunua madaftari akamwambia kwamba nyumbani tunayo moja, akamuingiza kundini palepale. Mama hakulifungua hata siku moja. Nililifungua mimi. Wanachama tulikuwa wanne. Mwenye steshenari, mwalimu kijana wa kompyuta anayefundisha Rugu, mama mmoja mstaafu wa Ihembe, aliyekuwa katibu wa ofisi miaka mingi, na mimi. Kwa kuwa jina lililoonekana ni la mama, kwa muda mrefu walidhani mimi ni mtu mzima. Sikuwasahihisha. Waliniita "dada wa Kaisho", na jina hilo lilinipendeza kuliko majina yote niliyowahi kupewa.

Kundini nilikuwa mtu mwingine. Nilikuwa naongea. Mwenye steshenari akiuliza utepe wa wino uliokauka unafufuliwaje, mimi ndiye nilijibu, kwa sababu babu alinifundisha kuupaka mafuta kidogo na kuufungia kwenye kopo siku mbili. Walinishukuru.

Mwalimu wa Rugu yeye mapenzi yake yalikuwa mpangilio wa vitufe. Aliandika hivi siku moja: "A ndiyo herufi tunayoitumia kuliko zote, na tazameni tumepewa kidole gani. Kidole cha mwisho, kinyonge kuliko vyote. Hizi mashine zilipangwa na watu wasiojua hata neno baba." Alikuwa amebandika vipande vya karatasi juu ya vitufe vya kompyuta yake na kuipanga upya, ili herufi za Kiswahili ziwe chini ya vidole vyenye nguvu.

"Mwalimu," akajibu mwenye steshenari, "umeme ukikatika tutaona hizo karatasi zako zinaandika nini."

Nilicheka peke yangu jikoni hadi mama akauliza kuna nini.

Nami nikatuma picha ya mashine ya babu. Mwenye steshenari akaisifu, mwalimu akauliza maswali. Yule mama wa Ihembe, ambaye alikuwa haandiki mara nyingi, akaandika maneno matano: "Hiyo ni ile. Ile hasa." Basi. Nilisoma hayo maneno nikiwa nachambua maharage, nikiwa nachota maji. Nilidhani ni sifa. Sikumuuliza ni ile ipi. Kwangu kuuliza ni kazi kubwa, hata kwa maandishi.

Kisha mwenye steshenari akatangaza kwamba likizo ndefu ikianza tutakutana dukani kwake, kila mtu na mashine yake. Wao watatu walikuwa wameshakutana kabla sijaingia. Nikafikiri, nitaenda na nini cha kuwashangaza?

Kompyuta unaiambia ibadilike, inabadilika. Taipureta haiambiwi. Kila kitufe kinasukuma mkono mwembamba wa chuma, na kwenye ncha ya mkono huo kuna kipande chenye herufi, kimegandishwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Ukitaka A itoke kwenye kitufe kingine ni lazima ukibandue kile kipande kwa moto na kukigandisha kwenye mkono mwingine. Nikaenda kwa fundi redio wa hapa senta. Alinipa kiti, akaniwashia chuma chake cha kuchomelea, akauliza, "Hii ya somo gani?"

"Fizikia," nikasema.

Nilidanganya. Aliniacha nifanye nitakavyo kwa sababu ya hiyo Fizikia, likizo fupi nzima.

Nilihamisha herufi kumi na nne. A niliileta katikati, ilipokuwa F, chini ya kidole cha shahada. I nikaileta ilipokuwa D. N ilipokuwa J. X, ambayo Kiswahili hakina kazi nayo, nikaitupa kule konani A ilikotoka. Vioo vya juu ya vitufe vilikataa kubanduka, hivyo nikaviacha na herufi zake za zamani; kwa macho mashine ilikuwa ileile ya babu. Mimi sikuhitaji kutazama. Mwezi mzima niliandika mchafuko mtupu, kisha siku moja vidole vikakubali, na nikaandika ukurasa mzima wa shajara bila kukosea, mikono imetulia pale katikati kama kuku aliyelalia mayai. Sikuwa na wa kumwonyesha. Nilimwonyesha mama. Akasema, "Nzuri," akauliza kama nimefungia mbuzi.

Sasa nilikuwa na mashine ambayo hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuiandikia. Nilidhani hilo ni jambo zuri.

Asubuhi ya kwenda mama alinisimamisha mlangoni. "Hao watu ni wa dini gani?"

"Wa taipureta, mama."

"Taipureta si dini. Mnakutana lini, Jumapili baada ya misa?"

"Leo. Jumamosi."

"Basi Wasabato hao," akasema, akanifungia ndizi za kuchoma kwenye mfuko.

Mwenye bodaboda naye aliipapasa mashine ndani ya kitenge. "Dada, cherehani hii mbona haina mguu?" Nilitikisa kichwa tu, akafikiri nimekubali, akaniambia njia nzima kuhusu suruali yake inayohitaji kupunguzwa.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimechapa maelezo ya mpangilio wangu kwenye karatasi moja, herufi kwa herufi na sababu zake, ili nisilazimike kusema. Nikifika, nitampa mwalimu karatasi, ataisoma kwa sauti, wengine watasikia. Hivyo ndivyo nilivyopanga.

Walipoona mtoto wa shule anaingia na kitenge mkononi walitazama nyuma yangu, kama kuna mwingine anayekuja. "Wewe ndiye dada wa Kaisho?" akauliza mwenye steshenari. Nikaitikia kwa kichwa, nikawaamkia. "Marahaba. Jamani, na ushauri wote ule wa utepe." Walicheka, si kicheko cha darasani, lakini kilinikumbusha kile. Karatasi ilikuwa mfukoni. Haikutoka.

Wakanieleza desturi yao. Mama wa Ihembe alifundishwa uchapaji kwa kufunikwa mikono ili asizoee kutazama vitufe, naye akawafundisha wenzake wawili. Kwa hiyo kila wanapokutana, unakaa kwenye mashine ya mwenzako, si yako, unafunikwa kanga juu ya mikono na mashine, unaandika mistari mitatu ya chochote kilicho moyoni. Karatasi anapewa mwenye mashine akaisome kwake, bila watu. Hawaiongelei tena.

Niliposikia hivyo nilielewa nilichokifanya.

Nilianza mimi, kwenye mashine ya mwenye steshenari. Chini ya kanga vidole vyangu havikujua vishike mpangilio upi kati ya mitatu. Nilijua ninachoandika hakisomeki. Niliandika kwamba nimefurahi kufika, nadhani. Mwenye steshenari aliichomoa karatasi, akaikunja bila kuitazama, akaitia mfukoni mwa shati. Nilimpenda kwa hilo. Mwalimu akaandika kwa mashine ya mama wa Ihembe. Kisha yule mama akainuka, akaja kukaa kwenye ya babu.

Ni mwanamke mwembamba, mrefu, kucha zake amezikata fupi sana. Hakutazama vitufe vyote. Aligusa kimoja tu, kile cha konani, kama mtu anayegusa paji la mtoto.

"Nilijifunzia ya namna hii hasa," akasema. "Kwa masista, ng'ambo. Nilikuwa na umri wako. Niliporudi huku hakuna aliyekuwa nayo, nikaanza upya kama mjinga. Tangu hapo sijaigusa." Akacheka kidogo. "Lakini mikono haisahau. Nifunikeni."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ilikuwa sentensi moja. Mama, nimeibadilisha. Niliiandaa, nikaipanga, nikaihisi imefika kwenye meno. Mwenye steshenari akatandaza kanga. Yule mama akafumba na macho, ingawa hakuhitaji. Kisha mashine ikaanza kulia, na sijawahi kuisikia ikilia vile, hata kwa babu. Hakusita hata mara moja. Kengele, mkono unarudisha, kengele, mkono unarudisha. Sentensi yangu ilichelewa.

Alipomaliza aliondoa kanga mwenyewe akiwa anatabasamu. Mwenye steshenari aliyekuwa nyuma yake akasema, "Mama, leo umenena kwa lugha," akaanza kucheka, akaacha.

Karatasi ilikuwa imejaa X. Zilikuwa kila mahali, kama mtu aliyefuta maandishi yake yote.

Alitazama karatasi. Akatazama vitufe: A konani, kama alivyoikumbuka. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Akageuza mikono yake, akatazama viganja.

"Kumbe imekwenda," akasema.

"Ni uchovu wa safari, mama," mwalimu akasema.

"Safari gani, kutoka Ihembe?" Alichomoa karatasi polepole, akanipa mimi kama desturi inavyotaka, kwa mikono miwili. "Samahani, mwanangu. Nimekuchafulia karatasi."

Na mimi nikapokea. Nikasema asante. Hilo ndilo neno pekee nililotoa siku ile baada ya shikamoo. Ikaletwa chai. Hakuna aliyegusa tena mashine ya babu, kwa heshima ya yule mama. Yeye alikunywa nusu kikombe, akasema amekumbuka ana mgeni, akaondoka.

Nilirudi Kaisho nimekumbatia mashine, na siku mbili sikuifungua ile karatasi. Siku ya tatu nilikuwa naanika kahawa uani, ndipo nikafikiri jambo ambalo ningeweza kulifikiri palepale dukani kama ningekuwa na akili iliyotulia. Mikono yake haikukosea. Kila herufi aliyoibonyeza ilikuwa sahihi. Ilitoka nyingine kwa sababu mimi niliihamisha. Na mimi ndiye mtu pekee anayejua ipi ilihamia wapi.

Niliingia ndani nikakaa na karatasi na penseli. Neno la kwanza lilikuwa "Jdleadmx". Palipo J yeye alibonyeza N. Palipo d alibonyeza i. l ni m, e ni e, a ni f, m ni k, na x, zile x zote, zilikuwa a. Nimefika. Niliendelea hadi mwisho. Hakuna kosa hata moja katika mistari yote mitatu, hata nukta.

"Nimefika. Mashine ni ileile na imetunzwa na mtu mwenye mikono safi. Mtoto aliyeileta haongei, kama mimi nilivyokuwa kule kwa masista. Nitamwambia awe anakuja kwangu Jumamosi, tuandike wawili, si lazima kuongea."

Nilikaa pale mpaka mama akaita kwamba kuku wako kwenye kahawa. Kuku walikuwa kwenye kahawa kweli.

Ningeweza kumtumia ujumbe. Niliandika ujumbe mrefu nikaufuta. Kilichonisumbua ni kwamba yule mama alikuwa kwake Ihembe anaitazama mikono yake, na kila siku niliyokaa kimya ilikuwa siku nyingine anaitazama. Mwisho nikaandika: "Shikamoo. Naomba kuja kwako Jumamosi. Kuna jambo la kusema." Akajibu jioni yake: "Marahaba. Karibu."

"Wasabato wako tena?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

Nyumba yake iko ndani ya migomba, safi, ina baraza la saruji. Alikuwa peke yake. Alinipa kiti, akaniletea maziwa, akakaa mbele yangu akingoja hilo jambo. Alingoja vizuri, bila kunisukuma kwa macho, lakini halikutoka. Nikampa karatasi mbili: yake yenye X, na chini yake ile niliyoiandika kwa penseli.

Alisoma ya penseli mara ya kwanza haraka. Mara ya pili alisoma kwa kidole, akilinganisha herufi moja moja na ile ya juu. Alipofika mwisho aliweka zote mbili mapajani.

"Mikono ni mizima," akasema.

"Ndiyo."

"Ni mashine."

"Ndiyo."

"Nani aliibadilisha?"

"Mimi." Kisha likafuata jingine, nikashangaa kulisikia. "Nilitaka kuwaletea kitu kizuri. Nilitaka kusema pale, kabla ya kanga. Nilichelewa."

Nilidhani atasema hakuna neno, mwanangu, kama watu wanavyosema. Hakusema. Alisema, "Ulinipa siku saba mbaya," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja mvua. Nikasema samahani. Akaitikia.

Aliniomba nimwonyeshe mpangilio wangu. Niliweka mashine kwenye meza ndogo, nikaandika mstari mmoja, yeye akitazama vidole. "Inakimbia," akasema. "Umeipanga vizuri. Lakini nikae wapi mimi hapo?"

Niliifunga mashine kwenye kitenge.

Alinisindikiza hadi barabarani. Kabla sijapanda pikipiki akasema, "Ile mistari niliiandika kweli. Sijaifuta. Irudishe mashine ilivyokuwa, kisha uje. Kabla ya hapo usije."

Ndiyo hiyo kazi ninayoifanya. Fundi redio ameniazima chuma chake nije nacho nyumbani, akijua bado ni Fizikia. Nitamwambia ukweli nikimrudishia. Mpaka leo nimerudisha tano. A iko konani kwake, X imeshuka, F, Q na W ziko mahali pake. Herufi zangu zinasimama kombokombo kuliko za kiwandani, A imeinama mbele kama mtu anayetafuta kitu chini. Sijui kama yule mama wa Ihembe atasema kitu. Chuma kikipata moto sana risasi inadondoka, inabidi kungoja, kuanza tena. Mama anapita, anatazama, anasema hii Fizikia mwaka huu ni ngumu.

Bado S, U, D, I, J, N, K, M na L. Nikigandisha ya mwisho, mpangilio wangu utakuwa umekwisha. Hakuna aliyewahi kuuandikia ila mimi, na vidole vyangu bado vinaulizia A ilipokuwa, chini ya shahada, kila ninapoegemeza mikono hata juu ya meza tupu. Leo asubuhi nilibonyeza kitufe cha konani mara moja kujaribu. Ikatoka A. Nilichapa nyingine, na nyingine, mstari mzima, mpaka kengele ikalia, nikaichomoa ile karatasi nikaikunja bila kuitazama. Kisha nikachukua kalamu.